Kusimamia mradi wako wa kwanza: kuanzia wazo hadi makabidhiano

Maswali ni yale yale kila ninapokutana na mtu aliyekabidhiwa kusimamia jambo kwa mara ya kwanza. Mmoja kapewa ujenzi wa choo cha msikiti, mwingine kisima cha kitongoji, mwingine kikundi chake cha kuweka na kukopa kimemwambia "wewe ndiye utasimamia" kisha kikao kikafungwa kwa sala. "Nianzie wapi?" "Duka langu nalo ni mradi?" "Lazima nisomee?" Nimeyajibu mara nyingi kwa simu, na sasa nayaweka yote hapa kwa mpangilio.

Nitatumia mfano mmoja mwanzo hadi mwisho: kuvuna maji ya mvua kwenye shule ya msingi kwa tanki la plastiki la lita 10,000. Nimewahi kuusimamia mradi wa aina hiyo, na karibu kila kosa ambalo mtu mpya hulifanya nililifanya pale.

Kipi ni mradi na kipi si mradi

Neno lenyewe linatuchanganya. Mitaani tunasema "ana mradi wa kuku", "ana mradi wa bodaboda", tukimaanisha biashara. Katika usimamizi neno hili lina maana nyembamba zaidi. Mradi ni kazi yenye mwanzo na mwisho, inayoacha kitu ambacho hakikuwepo, ndani ya muda na fedha zilizopangwa. Kujenga banda la kuku na kuleta vifaranga wa kwanza ni mradi. Kuwalisha kila asubuhi na kuuza mayai ni kazi ya kila siku, na haina siku ya kufungwa.

Reli ya TAZARA inaonyesha tofauti hii vizuri. Kutandika zaidi ya kilomita 1,800 za reli kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia, kulikuwa mradi: ujenzi ulianza 1970, ukakamilika 1975, na reli ikakabidhiwa 1976. Kuendesha treni juu ya reli hiyo, kuzifanyia matengenezo injini na kulipa mishahara ya wafanyakazi ni kazi nyingine yenye watu wake na fedha zake, na inaendelea hadi leo. Mradi unaweza kuisha vizuri kabisa, na kitu kilichojengwa kikateseka baadaye kwa sababu upande wa pili haukuandaliwa. Kwa hiyo kabla ya kuanza jiulize maswali mawili: nitajuaje kwamba kazi imekwisha, na siku ikiisha nani ataendelea nayo?

Nadharia nyingine utakayohitaji ni moja tu. Mradi umekaa juu ya mafiga matatu: ukubwa wa kazi, muda na fedha. Ukilisogeza figa moja bila kugusa mengine, chungu kinainama. Mtu akikwambia "ongeza tanki la pili, tarehe ibaki ile ile na bajeti ile ile", anakuomba kitu kisichowezekana, na ni wajibu wako kumwambia hivyo kwa adabu siku hiyo hiyo.

Andaa haya kabla ya kuanza

Kaunta buku moja la mradi tu, lisilochanganywa na hesabu za nyumbani. Mali bila daftari hupotea bila habari, na kwenye mradi wa watu wengi heshima yako hupotea pamoja nayo.

Kalamu na karatasi kubwa ya ukutani. Kompyuta ikiwepo ni sawa, lakini miradi mingi midogo inasimamiwa vizuri kwa karatasi na simu. Ukishindwa kuipanga kazi kwenye karatasi, programu haitakupangia.

Akaunti ya benki au ya simu ya kikundi yenye watia saini wasiopungua wawili. Usipokee mchango hata mmoja kwenye namba yako binafsi. Hata ukiwa mwaminifu kiasi gani, siku moja mtu atauliza, na hutakuwa na cha kumwonyesha.

Muhtasari wa kikao kilichokuteua, uliosainiwa. Bila huo wewe ni mtu wa kujitolea tu, na fundi akigoma huna mamlaka ya kumwita.

Futi ya kupimia. Utaona kwa nini.

Hatua kwa hatua

1. Andika mwisho wa mradi kwa sentensi moja.

"Kuboresha upatikanaji wa maji shuleni" haifai, kwa sababu hakuna siku utakayoamka na kusema imekwisha. Andika hivi: "Ifikapo tarehe 30 Septemba, tanki la lita 10,000 litakuwa limesimama kando ya jengo la darasa la tano na la sita, limeunganishwa na paa, na koki yake inatoa maji." Mtu yeyote anaweza kwenda na kuona kama ni kweli au si kweli.

Piga hesabu ya kuthibitisha kwamba sentensi hiyo inawezekana. Milimita moja ya mvua ikinyesha kwenye mita moja ya mraba hutoa lita moja ya maji. Paa linalofunika eneo la mita 7 kwa 20 ni mita za mraba 140, hivyo kila milimita ni lita 140. Ondoa kama asilimia 20 kwa yanayoruka na kuvuja, unabaki na lita 112. Tanki litajaa baada ya milimita 90 hivi. Lakini ukifunga mifereji upande mmoja tu wa paa la mgongo, unavuna nusu, na utahitaji karibu milimita 180. Hesabu hii ya dakika tano ndiyo inayoamua ununue mifereji ya mita 20 au 40. Watu wengi huifanya baada ya kununua.

2. Wajue watu wako.

Andika majina chini ya vichwa vinne: anayetoa ruhusa (kamati ya shule, serikali ya kijiji), anayetoa fedha, atakayetumia, na atakayeguswa hata kama hatatumia. Hao wa mwisho ndio husahaulika. Mama anayeuza maandazi mahali ambapo msingi wa tanki utachimbwa ni mdau. Mwalimu ambaye darasa lake litakuwa na kelele za nyundo wiki nzima ni mdau. Nenda ukawasalimu na kuwaeleza kabla mchanga haujamwagwa, kwa sababu mtu aliyeelezwa mapema hugeuka mlinzi wa vifaa vyako.

3. Weka mipaka.

Gawa ukurasa mara mbili. Upande mmoja andika kilichomo: msingi, tanki, mifereji, mabomba, koki moja, wavu wa kuzuia mbu. Upande wa pili andika kisichomo: kupaka rangi jengo, kuleta maji nyumba ya mwalimu mkuu, kuchimba mtaro wa shamba la shule. Usome ukurasa wote mbele ya kikao na wausaini. Upande wa pili utakuokoa zaidi ya ule wa kwanza.

4. Vunjavunja kazi.

Chukua kila kitu kilichomo na ukivunje mpaka kila kipande kiwe na mtu mmoja anayekijibu na kisizidi siku chache. "Tanki" peke yake si kazi. Kazi ni kuomba bei kwa wauzaji watatu, kulipia, kupima njia, kukodi lori, kupata vijana wa kushusha, kuliweka juu ya msingi, kutoboa, kufunga koki.

Hiyo ya kupima njia niliiruka. Lori lilifika saa nne asubuhi, watoto wakatoka madarasani kushangilia, na dereva akasimama mbele ya geti la shule. Tanki lilikuwa pana kuliko geti. Tulijaribu kulipitisha juu ya ukuta, kamba ikakatika, tukaacha. Ikabidi fundi abomoe nguzo moja ya geti na kuijenga upya siku ya pili, kwa fedha ambazo hazikuwa kwenye bajeti. Futi ya kupimia ilikuwa kwenye begi langu muda wote.

Ukimaliza orodha, msomee fundi na mtu aliyewahi kufanya kazi hiyo. Waulize swali moja: "Nimesahau nini?" Kisha nyamaza uandike.

5. Panga kipi kinasubiri kipi.

Hapa ndipo msimamizi anapolipa gharama ya nafasi yake, kwa hiyo tukae kidogo. Kwa kila kazi andika siku zake na kazi inayopaswa kutangulia. Katika mfano wetu, kwa siku za kalenda:

Ruhusa ya kamati, siku 5. Kupata fundi na kukubaliana, siku 4. Mawe, mchanga, kokoto na saruji kufika, siku 3. Kuchimba na kujenga msingi, siku 4. Msingi kukomaa, siku 14. Kuweka tanki na kuunganisha mabomba, siku 2. Kujaribu, siku 1.

Kazi hizi zinasubiriana moja baada ya nyingine, na jumla yake ni siku 33. Huu ndio mnyororo mkuu: kazi yoyote ndani yake ikichelewa siku moja, mradi mzima unachelewa siku moja. Kuna kazi nyingine nje ya mnyororo. Kubadilisha ubao wa ukingo wa paa uliooza, ule mafundi wanaouita fisha bodi, ni siku 3, na kufunga mifereji ni siku 3 nyingine. Hizo zinafanyika wakati msingi unakomaa, na zikichelewa wiki moja hakuna kitakachoharibika. Kuagiza tanki ni siku 10, nalo halihitajiki kabla ya siku ya 30, hivyo una mpaka siku ya 20 kuliagiza. Ukiliagiza wiki ya kwanza kwa sababu fedha ziko mkononi, litakaa uwanjani likiwa limefungwa kwenye mwembe, na wewe ndiye utalipa mlinzi.

Sasa hesabu kurudi nyuma. Unataka kumaliza tarehe 30 Septemba ili mvua za vuli zikukute tayari. Siku 33, ongeza wiki mbili za dharura, unapata 47. Kazi ianze si baada ya tarehe 15 Agosti. Chora kalenda kwenye karatasi ya ukutani, kila kazi mstari wake, rangi tofauti kwa mnyororo mkuu. Wataalamu huiita chati ya Gantt, kutokana na Henry Gantt, mhandisi wa Marekani aliyeipa umaarufu mwanzoni mwa karne ya 20. Ibandike ofisi ya mwalimu mkuu, mahali kila anayeingia ataiona.

Onyo: usikubali kufupisha siku za msingi kukomaa. Lita 10,000 za maji zina uzito wa tani 10. Zege linataka kumwagiwa maji kila siku kwa siku saba za mwanzo, kisha liachwe. Fundi mwenye haraka ya kwenda kazi nyingine atakwambia siku tatu zinatosha. Muda unaokatwa hapa unarudi kama ufa.

6. Bajeti.

Fuata orodha ya hatua ya 4 mstari kwa mstari, kila kazi na gharama yake. Usafiri, chakula cha vibarua, vocha za simu na maji ya kuchanganyia zege ni fedha halisi, ziandike. Mwisho ongeza akiba ya dharura. Mimi huweka asilimia 10. Jumla ikiwa shilingi 6,000,000, tenga 600,000 na usiziguse bila sahihi za watu wawili.

Malipo ya fundi yagawe kwa awamu, kila awamu ifuate kazi inayoonekana: kiasi cha kuanzia, kiasi msingi ukisimama, kiasi tanki likiunganishwa. Asilimia 10 ya mwisho ibaki mpaka mvua ya kwanza inyeshe na maji yaingie tankini. Liandikeni hili kwenye mkataba tangu siku ya kwanza. Fundi mzuri hatalikataa.

7. Fikiria kitakachoharibika.

Keti na watu watatu na muulizane: tukishindwa, itakuwa kwa sababu gani? Saruji kupanda bei. Fundi kuugua. Mvua kuwahi. Vifaa kuibwa usiku. Kwa kila moja andika mtafanya nini na nani atafanya. Nusu saa inatosha, na usirefushe orodha mpaka iwatishe watu.

8. Simamia kila wiki.

Kikao kimoja, siku ile ile, dakika 20, mkiwa mmesimama mbele ya ile karatasi ya ukutani. Maswali matatu: kipi kimekwisha, kipi kimekwama, wiki ijayo nani anafanya nini. Kisha twende kazini. Jioni tuma ujumbe mfupi kwenye kundi la WhatsApp la wadau: kazi zilizofanyika, fedha zilizotumika, fedha zilizobaki, picha moja. Hata wiki mbaya tuma. Watu huvumilia kuchelewa. Hawavumilii kukaa gizani.

Nenda eneo la kazi mwenyewe. Siku ya mifereji, mwombe fundi ndoo ya maji, panda ngazi, mwaga maji mwisho wa mfereji ulio mbali na tanki, utazame. Yakitembea taratibu mpaka kwenye bomba, mwinamo uko sawa. Yakisimama katikati na kutengeneza kidimbwi, hapo ndipo mbu watazaliana na majani yataoza. Jaribio hili halina gharama, na fundi akijua utalifanya, atavuta uzi na kutumia pimamaji tangu mwanzo.

9. Mabadiliko yapite mlango mmoja.

Yatakuja tu. Mwenyekiti atataka koki mbili, mfadhili atataka jina lake lipakwe kwenye tanki. Usiseme ndiyo wala hapana papo hapo. Andika ombi, hesabu limeongeza siku ngapi na shilingi ngapi, lipeleke kwa waliosaini mipaka. Wakikubali, wasaini tena, na tarehe na bajeti zibadilike siku hiyo.

10. Kabidhi na ufunge.

Siku ya makabidhiano pitia sentensi ya hatua ya 1 mbele ya kamati, neno kwa neno, mkiwa mmesimama kando ya tanki. Kabidhi funguo ya koki, risiti zote, namba ya fundi, na ukurasa mmoja wa matunzo: maji ya kwanza ya msimu yatupwe kwa sababu yameosha vumbi na kinyesi cha ndege, mifereji isafishwe kabla ya vuli na kabla ya masika, wavu wa mbu ukaguliwe. Andika jina la atakayefanya hayo. "Shule itahusika" si jina la mtu.

Soma hesabu za mwisho hadharani. Fedha zikibaki, hata elfu tano, zitajwe na zirudishwe. Halafu mketi mkaandike mlichojifunza, kurasa moja au mbili, kwa ajili ya atakayesimamia mradi ujao.

Makosa ninayoyaona mara nyingi

Kuanza kununua kabla ya kupanga, kwa hofu kwamba fedha "zitaliwa". Fedha inayolindwa na daftari na sahihi mbili iko salama kuliko mifuko ya saruji inayoganda stoo.

Kumpa kila mtu kila kazi. Kazi ya kamati nzima haina mwenyewe.

Msimamizi kugeuka fundi. Ukishika mwiko siku nzima, nani anafuatilia lori la kokoto?

Kuficha habari mbaya. Kuchelewa kwa siku tatu ukikusema leo kunarekebishika. Ukikusema baada ya mwezi, watu wanaanza kuhesabu matofali ya nyumba yako.

Mambo yakikwama

Fedha zimeisha katikati. Simamisha kazi mahali salama, usiache nusu ya zege. Toa hesabu kamili kwa wadau, kisha warudi kwenye mafiga matatu: waongeze fedha, au wapunguze kazi. Tanki la lita 5,000 linalofanya kazi lina faida kuliko la 10,000 lisilo na mifereji, na kama msingi umejengwa kwa la kubwa, la kubwa linaweza kuja mwakani.

Fundi ametoweka. Mlipe tu kilichokwisha kufanyika, na hapo ndipo malipo ya awamu yanapokutetea. Piga picha za kazi ilivyo, muite shahidi wa kamati, andikeni, ndipo mlete fundi mwingine. Fundi mpya atadharau kazi ya mwenzake. Msikilize, lakini apime kwa futi na kuonyesha kasoro kabla hujakubali kubomoa.

Mmechelewa na mvua inakuja. Tazama mnyororo mkuu peke yake. Kuongeza vibarua kwenye mifereji hakusaidii kama kinachosubiriwa ni msingi kukomaa. Kitakachosaidia ni kuwa na kila kitu cha hatua inayofuata kimeshafika eneo la kazi, ili msingi ukitimiza siku zake 14, asubuhi inayofuata tanki lipande.

Mwenye mamlaka anabadilisha maneno. Fungua kaunta buku, onyesha ukurasa uliosainiwa, ongea naye faragha. Usimuaibishe kikaoni.

Hakuna anayekuja kwenye vikao. Kagua kama dakika 20 zimegeuka saa mbili. Ukishazirudisha dakika 20, mpigie kila mmoja siku moja kabla umtajie jambo lake: "Bi mkubwa, kesho tunakusubiri na bei za mabomba." Mtu anayejua anasubiriwa kwa jambo lake huja.

Mradi hauishi, kila wiki kuna kidogo kimebaki. Rudi kwenye sentensi ya kwanza. Kama tanki limesimama, limeunganishwa na koki inatoa maji, mradi umekwisha. Weka tarehe ya makabidhiano wiki hii. Vilivyobaki viandikwe vyote kwenye orodha mpya, vijadiliwe kama mradi mwingine, kwa fedha nyingine. Na kama sentensi hiyo haikuandikwa, iandikeni leo mkiwa na waliosaini, hata kama mko mwezi wa tano wa kazi.